Karani Aliyejibu Kila Barua

Seva ya barua pepe ya ofisi ya maji ilikaa chumba kimoja na mifagio na ndoo za kudekia. Mwenye ufunguo wa chumba hicho alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa ulimi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Mitambo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye hati ya mshahara tu. Alikuwa anaijua mashine ile kama mama anavyomjua mtoto mchanga: ikivuma kidogo, imeshiba, ikinguruma, inaumwa. Sasa ulikuwa mwezi mzima inanguruma.

Bomba likipasuka saa mbili asubuhi, mwenye nyumba akaandika barua saa mbili na dakika tano, fundi aliipata saa saba mchana, mtaa umeshageuka bwawa. Meneja, mtu ambaye hasira zake zilianzia masikioni, akamwita.

"Mama Mitambo, nakupa mpaka Ijumaa. Barua zisipotembea, kazi hii naipa kampuni ya nje, na wewe unarudi mapokezi kupokea simu."

"Nimekusikia, bosi," akajibu. Moyoni alisema mapokezi aende yeye. Alikikalia kile kiti miaka saba, akasoma kila jioni baada ya kazi ili akiage, na hakuwa na mpango wa kukisalimia tena.

Akajifungia na mifagio yake, akapekua kumbukumbu za mashine. Kumbe mgonjwa hakuwa barua, mgonjwa alikuwa mlinzi wa barua. Kile kichujio cha kuzuia barua taka kilikuwa na bidii ya kijinga. Kila barua iliyofika kiliikaribisha ndani, kikaifungua, kikaisoma mwanzo hadi mwisho, kikapekua na picha zilizoambatishwa, ndipo kikasema, "Ala, hii taka!" kikaitupa. Na taka zilikuwa tisa katika kila barua kumi. Kilipolemewa, kilipitisha nyingine bila hata kuzitazama. Watu wa mabomba walikuwa wamepanga foleni nyuma ya wauza dawa za nywele.

Akatazama taka hizo zinamwendea nani. Nyingi zilikuwa za watu walioacha kazi zamani. Lakini zaidi ya nusu zilikwenda kwenye anwani moja, na alipoisoma anwani hiyo aliketi juu ya ndoo. Ilikuwa ya baba mkwe wake.

Mzee huyo alikuwa karani mkuu wa masjala ya ofisi hiyohiyo kwa miaka thelathini na moja. Watu walimwita Mzee Rejea, kwa sababu hakuweza kuomba hata chumvi bila kutaja tarehe aliyoiomba mara ya mwisho. Alikuwa na sheria mbili: kila barua ijibiwe, na ijibiwe kwa zamu ya kufika. Alipostaafu, anwani yake ilipaswa kufungwa siku ileile. Mama Mitambo hakuifunga. Mke wa mzee alikuwa amefariki mwaka huo, na mzee alihamia nyumbani kwa Mama Mitambo akawa anakaa sebuleni akiutazama ukuta. Barua ndizo zilizomwinua. Kila asubuhi alivaa koti, akafunga tai, akaketi mbele ya kompyuta na kujibu. Anamjibu nani, mkwe hakuuliza. Mkwe mwenye adabu hachungulii barua za baba mkwe.

Jioni ile adabu ilimshinda, akachungulia.

"Yahusu: Urithi wa Marehemu Mfalme," mzee alikuwa ameandika. "Rejea barua yako ya tarehe tisa. Nakupa pole kwa msiba. Nasikitika kukujulisha kuwa sina undugu na marehemu, hivyo hizo dola wapewe wanaostahili." Kwa muuza dawa ya nywele: "Nina upara tangu ujanani na tumeshazoeana." Kwa mwanamke aliyedai kumpenda kutoka mbali: "Nashukuru, ila moyo wangu una mwenyewe, ingawa ametangulia."

Mama Mitambo alicheka mpaka alipofika kwenye hiyo ya mwisho. Hapo kicheko kikamkatikia. Alijua vizuri: kwa matapeli, mtu anayejibu ni dhahabu, anwani yake huuzwa huku na huko, na kila jibu moja la mzee lilizaa barua mia. Meneja akijua ni nani aliyeiacha wazi anwani hiyo, hata mapokezi patakuwa mbali.

"Shikamoo, Baba," alisema alipofika nyumbani.

"Marahaba, mwanangu."

Akaulizia mgongo, akaulizia usingizi, akaulizia tena mgongo. Mzee akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Sema."

Akasema yote. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo hawa si watu?"

"Wengi ni mashine, Baba. Waliobaki ni matapeli."

"Hata yule mama aliyenitakia heri ya siku yangu ya kuzaliwa?"

"Hata yule."

Mzee akafungua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni. Ilimuuma Mama Mitambo kuliko maneno yote ya meneja. Alitamani angekubali tu kupokea simu.

"Na hicho kichujio chako," mzee akasema baadaye, sauti ya ofisini ikimrudia, "kinafungua kila barua?"

"Kila moja."

"Nani kakifundisha kazi?"

"Mimi, Baba."

"Pole. Masjala, mtu akifungua bahasha kabla ya kutazama juu yake, nilimrudisha kugonga mihuri. Kwanza: inakwenda kwa nani? Hayupo? Mrudishie tarishi palepale mlangoni, asikuachie mzigo. Pili: inatoka kwa nani? Humjui? Mwambie apite tena baadaye. Mwenye shida ya kweli atarudi. Mzururaji ana milango mia ya kubisha, harudi kwako. Za watakaobaki ndizo uzisome."

Mambo hayo Mama Mitambo alikuwa ameyasoma vitabuni, akayaona mapambo. Usiyadharau ya kwenu. Siku ile aliyaandika kwenye daftari kama mwanafunzi.

"Halafu uanze na mimi," mzee akamalizia. "Nimestaafu. Mimi ndiye hayupo."

"Nitaifunga anwani yako Ijumaa, Baba. Mpaka hapo, wageni wako nao watabisha mara mbili."

Jumatano mashine ilikuwa inavuma kidogo tu. Barua ya bomba ilimfikia fundi kabla mwandishi hajakunja suruali. Meneja akapita mlangoni, masikio yametulia, akasema, "Aa, kumbe inawezekana," ambayo kwake ilikuwa hotuba ya pongezi.

Ijumaa alipotoka kazini alimkuta mzee sebuleni, hana koti, anautazama ukuta.

"Baba, kabla sijafunga. Wiki hii wamebisha wageni elfu tatu na ushee kwako. Wote tuliwaambia warudi baada ya robo saa."

"Wakarudi wangapi?"

"Mmoja."

Mzee akasogea, akavaa miwani. Barua ilitoka kwa karani mwenzake, waliyegawana naye meza moja miaka ishirini. "Yahusu: Ukimya wako. Hii ni ya nne. Tangu mwezi wa pili nimehamia kwa binti yangu, nyumba ya kijani nyuma ya soko. Mguu mmoja haunitii tena, la sivyo ningekuja mwenyewe. Kama nimekukosea, niambie. Wewe si mtu wa kutojibu."

Wakazitafuta zile tatu. Zilikuwepo, salama kabisa, zinangoja zamu yao. Ya kwanza ilikuwa ya mia sita na kumi na mbili kwenye foleni; mzee alikuwa bado anawajibu wauza dawa za nywele wa mwezi wa kwanza.

"Nimemjibu kila mwongo duniani," akasema.

"Mjibu sasa, Baba. Leo ruka foleni. Nakusubiri."

Mzee aliweka vidole kwenye kibodi, akaviondoa. Akainuka, akavaa koti, akatoa tai mfukoni na kuifunga bila kioo.

"Funga tu, mwanangu."

"Lakini hujajibu!"

"Nyuma ya soko ni dakika kumi kwa miguu," alisema akitafuta viatu chini ya kiti. Akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akaenda kujibu barua bila kubakiza nakala.