Pampu Moja, Helikopta Mbili

Mume wangu amekosa kipaimara cha binti yetu kwa sababu ya pampu moja inayofanya kazi kwenye helikopta mbili.

Hamjasoma vibaya. Kaeni niwaambie, ila nimechoka, kwa hiyo msinikatize.

Lemburis ni fundi kwenye kambi ya ndege za jeshi. Kambi gani, msiniulize. Mimi na mtoto tuko hapa Engutoto.

Kambini kwao kuna helikopta mbili, pampu ya mafuta iliyo nzima ni moja. Nyingine ilikufa, wakaomba mpya. Nashipae wetu ndiyo kwanza alikuwa anaanza mafundisho ya kipaimara. Kamaliza, pampu haijafika.

Na mkuu wao alishasema, hakuna likizo kwa fundi mpaka zote mbili ziruke.

"Baba Nashipae, Jumapili unakuja?"

"Pampu ikifika."

"Na isipofika?"

Akasema anaitwa kazini, akakata simu.

Jumapili mtoto kapiga magoti madhabahuni na gauni lake jeupe. Alipoinuka akageuka kumtafuta baba yake kwenye mabenchi. Akaniona mimi tu. Niliumia, nisiwadanganye.

Nyumbani, wageni wakiwa kwenye pilau, kaka yangu Frederick akanikuta jikoni nimenuna. Naye ni mwanajeshi, yuko bohari kuu, huko vipuri vinakotoka. Nikamwashia moto.

"Hivi mume wangu amewakosea nini? Pampu moja tu mnambania."

Akaweka sahani chini. "Dada, kambi ya shemeji? Kila mkaguzi akirudi anasema helikopta zao zote mbili nzima. Sasa nani apeleke pampu kwenye ndege nzima? Wanaoomba wako wengi, wao tunawaweka mwisho."

Nikakaa juu ya ndoo.

Maana mchezo wao naujua. Lemburis mwenyewe hunisimulia akicheka. Mkaguzi akija anawashiwa helikopta ya kwanza, inaunguruma vizuri. Halafu anapelekwa mesi, anawekewa nyama choma, anapigishwa stori mpaka asahau saa. Huku nyuma mafundi wanachomoa pampu mbio mbio, wanaifunga kwenye ya pili. Akishiba, anakuta na hiyo inaunguruma. Mkuu hataki kambi yake ionekane mbovu.

Nikampigia Lemburis simu hapo hapo, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo wakaguzi wakija tena, baba Nashipae, ziacheni kama zilivyo. Waone wenyewe."

"Mama Nashipae, wamekuja leo. Sasa hivi wako mesi wanakula."

"Na pampu?"

"Ndiyo namalizia kuifunga."

Nashipae alikuwa mlangoni, anasubiri zamu yake ya kuongea na baba. Nikampa simu, nikarudi kuosha vyombo.

Ndugu zangu, mkipungukiwa na kitu, semeni. Shida ukiifunika vizuri, wa kukusaidia anakupita akijua uko sawa, na wanaoumia ni watu wako wa nyumbani.