Ndoo ya Chumba cha Mkorosho

Nyumba alimozaliwa mama, Newala mjini, sasa ni hoteli. Wajomba waliiuza baada ya bibi kufariki. Mnunuzi akaipaka chokaa, akatundika vinyago ukutani, akavipa vyumba majina ya miti. Ghala la korosho, tulimokuwa tukichapwa tukikutwa tumejificha, ni chumba cha wapendanao. Kina mishumaa.

Mama alitaka jambo moja tu: alale usiku mmoja katika chumba cha bibi. Bibi alikata roho mle, na mama alipofika kutoka Masasi alimkuta ameshafunikwa.

"Nikalale mle, basi. Sitakusumbua tena," alisema, kisha akanisumbua kila siku mpaka nikakubali.

Tuliondoka Masasi na dumu la maji. Mama hapandi Newala bila maji. Kule maji ni ya shida, na kwake yeye kumtembelea mtu wa Newala bila dumu ni kukosa adabu. Nikamweleza kwamba hotelini hatumtembelei mtu. Akauliza kama watu wa hotelini hawaogi.

Dada wa mapokezi alimwamkia vizuri, akalitazama dumu, akasema vinywaji kutoka nje haviruhusiwi.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, akalisukuma dumu chini ya meza yake.

Chumba cha bibi, ambacho siku hizi kinaitwa Mkorosho, kilikuwa na mtu: mwanamke kutoka Dar es Salaam aliyekuja kikazi. Kwa simu niliahidiwa chumba hichohicho. Tukapewa Mpingo, kilichokuwa jiko. Nilifoka. Mama akavua viatu, akapanda kitandani. Alilala ameugeukia ukuta wa chumba cha bibi.

Asubuhi bomba lilikohoa, likanyamaza. Mgeni wa Mkorosho akachungulia nje, povu shingoni, akiuliza maji. Dada akasema gari la maji liko njiani. Newala gari la maji liko njiani siku zote.

Mama alikuwa ameshainuka. Aliomba ndoo, akayapasha maji ya dumu katika jiko la hoteli. Nilipotaka kumpokea ndoo alinitazama, nikarudi nyuma. Kwao mgeni hupelekewa maji ya kuoga na mwenye nyumba mwenyewe. Akaingia Mkorosho na ndoo yake, akaifikisha bafuni. Mgeni alipokuwa akioga, mama alikaa kitandani.

Sijui waliongea nini baadaye. Mgeni alitoka amevaa, macho mekundu, akaniambia anahamisha mizigo yake sasa hivi ili mama alale mle usiku wa leo.

"Hapana, mwanangu," mama akasema. "Umehangaika na maji, uhangaike na kuhama tena? Mama yangu asingekubali."

Nikamvuta pembeni. Nikamkumbusha kwamba tumepanda mlima kwa ajili ya chumba hicho tu.

"Nimeshakaa," alisema. "Kitanda wamekiweka palepale." Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mimi nikasingizia mafua.

Tulipoaga, dada wa mapokezi alitukaribisha tena, kama anavyowakaribisha wote. Mama alimshika mkono, akaelekeza kidevu barazani, ambako yule mwanamke alikuwa akinywa chai.

"Mwangalieni vizuri mgeni wangu," alimwambia.

"Sawa, mama," dada akajibu, akainama kutoa dumu tupu chini ya meza.