Cherehani Iliyoondoka kwa Pikipiki

Asubuhi ile alinisimamisha ukutani nimeshika shuka jeupe, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa. Mbele yangu, juu ya kigoda, palikuwa na birika la umeme la jirani. Mke wangu alikuwa anapiga picha ya kulitangaza.

"Shusha kidogo, mzee. Vidole vinaonekana."

"Mikono imechoka."

"Vumilia. Wakiona vidole watadhani na wewe unauzwa."

"Utaandika nini juu yangu?"

"Kizee. Kinakoroma. Anayekitaka aje na usafiri wake."

Tukacheka, akapiga picha, tukanywa chai. Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho ya kawaida niliyokaa naye. Kesho yake alianguka bafuni akiwa anafua.

Kazi yake ilikuwa kuuza vitu vilivyotumika kwenye simu. Zamani aliuza vyombo sokoni. Miguu ilipomkataa, binti yetu akamnunulia simu na kumwonyesha pa kubonyeza. Mwezi haukuisha, yeye ndiye akawa anamfundisha binti. Majirani walimletea vitanda, pasi, vioo, sufuria. Sebule yetu iligeuka ghala. Mgeni akija tulimpa kiti na kumwambia asikizoee, maana kinaweza kuondoka kabla hajamaliza chai.

Matangazo yake yalianza na ubovu. "Meza. Mguu mmoja mfupi, tumeweka kadibodi. Droo ya chini inataka kubembelezwa." Watu wakamwita Mama Ubovu. Hakukasirika. Jina hilo ndilo lililofanya watu wamwachie vitu vyao bila hata karatasi. Tangu aanze, hakuna kitu cha mtu kilichopotelea kwake. Hilo alilishika kuliko faida.

Wanunuzi wengine walikuwa vituko. Mmoja aliuliza kila Ijumaa, mwaka mzima, "Kabati bado lipo?" Kabati lilipouzwa alituma pole. Mwingine alikuja kujaribu kochi, akalala mpaka saa kumi, akaamka akasema ni gumu. Kuna mama aliyetaka kujua kioo kilikuwa kinatazamwa na nani. Mke wangu akamjibu, "Na wifi yangu. Ndiyo maana kina ufa."

Halafu wezi. Mmoja eti yuko ng'ambo, atamtuma dereva. Mwingine eti ametuma hela nyingi kwa bahati mbaya, arudishiwe zilizozidi. Hakuwaamini. Ujumbe wa malipo ukiingia hakuusoma hata kidogo. Alibonyeza mwenyewe, akaangalia salio, ndipo aseme kwa sauti, "Imeingia." Nikisikia hivyo nafungua mlango, kitu kinatoka. Kazi zangu zilikuwa hizo mbili, shuka na mlango.

Mimi shule sikuingia. Herufi alinifundisha yeye, nikiwa na mvi tayari, kwa matangazo yake hayo hayo. Nasoma polepole, kidole chini ya neno. Nikifika mwisho wa mstari jasho limenitoka, na mstari niliouhangaikia hivyo siwezi kufikiri kwamba ni wa uongo. Sikujua kama hilo ni kosa.

Alipolazwa alikataa kwenda na simu. "Wodini vitu vinapotea. Kaa nayo. Wakiuliza, wajibu kwamba naumwa. Usiuze kitu, umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Sebuleni palikuwa na cherehani ya mguu ya fundi wa nguo wa mtaa wa nyuma. Aliileta iuzwe apate kununua ya umeme. Alikuwa amepitia mara mbili kuiulizia. Siku ya tatu ikaja sauti kwenye simu, mwanamume, mpole. Nikamwambia mwenye kuuza yuko hospitali. Badala ya kuuliza bei, akasema, "Pole sana, baba. Mgonjwa kwanza. Mashine itasubiri."

Kesho yake akapiga tena. Si habari ya cherehani. "Mama ameamkaje? Amekula?" Na keshokutwa vilevile. Ndugu zake mke wangu walikuwa hawajapiga. Siku ya sita akasema anaitaka ile mashine, analipa yote, anamtuma mtu wa pikipiki. Nikafikiri nitakwenda wodini na habari njema mkononi. Nikasema haya.

Ujumbe ukaingia. Niliusoma mara mbili. Jina la mke wangu lilikuwepo, majina yote matatu, hakuna herufi iliyokosewa. Nikajisemea mwenyewe, kwa sauti, "Imeingia." Nikafungua mlango. Yule wa pikipiki alifunga kichwa cha cherehani kwa mpira, miguu ya chuma akailaza nyuma, akaondoka taratibu. Hata nilimwambia aangalie makorongo.

Jioni ile simu haikulia. Nikapiga mimi, namba haipo. Asubuhi nikaenda kwa wakala nitoe hela za dawa. Dada wa kibandani akaangalia simu, akaniangalia mimi.

"Mzee, hapa hakuna kitu."

"Soma ujumbe, binti yangu. Jina lake hilo hapo."

"Jina ni lake. Lakini huu umetoka kwa namba ya mtu tu, mzee. Kauandika yeye."

Nilikaa kwenye benchi lake mpaka akaniletea maji.

Siku ya tisa mke wangu akaruhusiwa. Tulimlaza sebuleni kwa sababu ya hewa. Macho yake yakazunguka sebule yote, akivihesabu vitu vya watu.

"Cherehani ya fundi iko wapi?"

"Alikuja kuichukua. Amebadili mawazo."

"Kweli?"

"Kweli."

Daktari alikuwa amesema asipewe habari za kumshtua. Nilijificha nyuma ya daktari. Siku mbili nilizunguka humo ndani kama mtu anayetafuta miwani. Nilitaka kwenda kwa fundi nimwombe anyamaze, nikaona haya, nikaahirisha mpaka kesho. Kesho fundi akaja mwenyewe, na machungwa kwenye mfuko.

"Mama, pole jamani. Umetutisha."

"Nimeshapoa. Karibu ukae. Hicho kiti kina mguu mbovu, kaa kile."

Wakaongea habari za ugonjwa. Mimi nilisimama mlangoni. Kisha fundi akasema, kwa upole tu, "Na ile mashine yangu, mama, imeshapata mtu?"

Mke wangu aligeuza kichwa kwenye mto akanitazama. Nilidhani atanitaja. Macho yangu yakaenda sakafuni.

"Imeibwa," akamwambia fundi. "Imeibwa mikononi mwangu. Kabla hujasikia kwa mtu mwingine, sikia kwangu."

"Mama!"

"Pale chumbani iko yangu. Ya mguu, ya kampuni ileile. Mkanda umelegea, na inapenda mafuta kila wiki. Ichukue."

"Mama, siwezi. Hiyo si ndiyo uliyowashonea watoto wako?"

"Wameshakua. Chukua, uiuze au uishonee, mimi siwezi tena kukanyaga. Baba atakubebea mpaka nje."

Nikaibeba. Fundi alikuwa analia, anasema niiache. Lakini mke wangu alikuwa ameshaniamuru, nikaibeba mpaka barabarani, mkanda unanigonga tumboni. Mashine hiyo ilikuwa imekaa chini ya dirisha letu miaka thelathini na mbili.

Niliporudi nikakaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Nikamweleza yote, yule mpole, ujumbe, wakala. Alisikiliza amefumba macho.

"Alikuwa anauliza hali yangu kila siku?"

"Kila siku."

"Basi aliniuguza kuliko ndugu zangu, shetani yule."

Sikujua kama nicheke. Nikamwomba anisamehe. Nje mtu alikuwa anafagia, akamaliza, akaondoka. Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Tuliongea mengi, ya dawa, ya binti, ya vitu vya watu nivirudishe kwa nani na nani. Neno la kusamehe sikulisikia, na sikurudia kuliomba. Alichonijibu jioni ile nakiandika kama alivyokisema:

"Mwizi simjui, nitamsahau. Wewe nilikuuliza, ukanijibu huku unaniangalia. Usinifanyie tena hivyo. Haya, nigeuze nitazame dirishani, ubavu huu umechoka."