Boriti Iliyobarikiwa

Mama Irabu hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na watoto, kwa sababu nusu ya parokia ilijifunza a, e, i, o, u mbele ya ubao wake, na wengine sasa wana vipara na bado wakimwona njiani huficha sigara. Darasa la kwanza alilitawala kama mtu anavyotawala jiko lake. Humo alisoma yeye, humo aliwafundisha wanawe, na mwaka huo alikuwa akimfundisha mjukuu wake, yatima wa mwanawe mkubwa, mtoto pekee aliyebaki nyumbani kwake.

Shule yenyewe waliijenga waumini kwa mikono yao. Kila ukoo ulileta boriti yake, ikachongwa jina, ikanyunyiziwa maji ya baraka na padri wa kwanza, ikapandishwa. Boriti ya baba yake Mama Irabu ndiyo iliyobeba paa la darasa la kwanza. Mzee alijivunia jambo hilo mpaka akawa kero. Hata alipokuwa anakata roho aliuliza kama paa linavuja. Kujivunia si dhambi. Ubaya ni kwamba watu wa parokia ile waliishia kuamini boriti zile hazishikwi. Kila paroko mpya aliyetaka kuezeka upya alikutana na kina mama mlangoni, na wa mbele ni Mama Irabu, mikono kiunoni.

"Baba Paroko, ukizing'oa hizi utatuachia nini? Kilichobarikiwa hakiliwi na mchwa!"

Vigelegele! Maparoko wakaja, wakahamishwa, paa likabaki lilelile. Neno lake likawa kama methali. Likasemwa harusini, likasemwa kwenye vikao vya walei, wale waumini wasio mapadri. Naye, Mungu amsamehe, alilipenda mno.

Haya. Ukafika mwaka wa jubilei ya shule. Wazazi wakawa wanakuja kwa zamu kupaka chokaa kuta za nje, askofu angekuja kubariki upya. Ndipo Mama Irabu alipoona vumbi juu ya dawati la mjukuu wake. Akalifuta. Kesho yake limerudi, laini kama unga uliochekechwa.

"Bibi, kuna mtu juu anatafuna," mjukuu akasema.

Darasa zima likacheka. Mama Irabu akamwambia asome, aache porojo. Lakini watoto walipotoka kucheza, alifunga mlango akasimama kimya. Jamani, sauti ilikuwepo! Ndogo, kavu, haina haraka yoyote. Akakaa kwenye kidawati cha mtoto.

Unadhani alipiga kelele? Alificha. Usimcheke, huenda nawe ungeficha. Aliipaka boriti oili chafu ya gari, akadai anaing'arisha kwa ajili ya askofu. Njia ya udongo ya mchwa iliyopanda ukutani aliiziba kwa shada la maua ya karatasi. Akaleta maji ya baraka, akanyunyiza huku akisali. Wapi! La kuvunda halina ubani. Vumbi lilizidi, na kila upepo ulipovuma alinyamaza katikati ya sentensi akatazama juu.

Asubuhi moja alilisogeza dawati la mjukuu wake mpaka karibu na mlango. Aliporudi ubaoni aliwaona wale wengine, wamekaa palepale chini ya boriti, wanamngoja aandike. Akaiweka chaki chini. Wa kwako umemtoa, mama. Na hawa wamezaliwa na nani? Aliwatoa wote nje, akaenda moja kwa moja kwa Sista mwalimu mkuu, naye akawaita paroko na mwenyekiti wa walei.

Mama Irabu alipanda juu ya meza mbele yao, akaisukuma rula ndani ya boriti ya baba yake. Ikazama yote. Sista akapiga ishara ya msalaba. Palepale wakaamua watoto wahamie darasa la pili, wabanane na wenzao mpaka jubilei ipite.

Wakahamia, wakubwa wakiwafuata nyuma. Mama Irabu akasimama katikati ya darasa la pili, akainua kichwa. Sauti ni ileile.

"Na hii imeliwa," alisema. "Boriti zote zilipandishwa siku moja. Watoeni!"

Boriti hiyo ilikuwa ya ukoo wa mwenyekiti. Alivimba. "Ya kwenu imeoza, basi unataka na ya marehemu baba yangu ioze? Haiguswi mpaka askofu aje. Si wewe uliyetufundisha, Mama? Kilichobarikiwa hakiliwi na mchwa!"

Paroko, mgeni bado, akamwachia mwenyekiti neno. Maneno yalikuwa ya Mama Irabu mwenyewe, hakuwa na wa kumlaumu.

"Nilisema," akajibu taratibu, "na nilisema upumbavu. Lakini hatutabishana, mwenyekiti. Mjukuu wako yule pale. Mlete akae dawati hili la katikati, na wewe mwenyewe umketishe."

Mwenyekiti akatazama juu. Akatazama kwa muda mrefu, shingo imemkakamaa. Hakukubali kwamba boriti ni mbovu. Hajakubali mpaka leo. Alinyoosha mkono tu.

"Wewe, chukua mkoba wako," akamwambia mtoto. "Twende nje na babu."

Waliokuwa wakipaka chokaa chini ya dirisha walimsikia. Brashi zikatupwa, kila mzazi akakimbilia darasa la mwanawe huku akimwita kwa jina, na watoto wakaburutwa nje bila madaftari. Mama Irabu alitoka wa mwisho, akapita mlango mmoja baada ya mwingine. Madarasa yote yalikuwa matupu, na katika kila moja palikuwa panatafunwa.