Jumatano Maji Hayakuja

Kila asubuhi Nuzha alipanda paani kugonga tangi. Alilipiga kwa kiganja kutoka juu kushuka chini, mpaka mlio mtupu ulipogeuka mzito. Hapo ndipo maji yalipoishia. Mtaa wao wa mashariki mwa Amman ulifunguliwa bomba kila Jumatano, na tangi ndilo lililowavusha wiki nzima. Jumatano hii bomba halikutoa hata tone.

Alhamisi mlio uligeuka chini sana, usawa wa goti. Na alasiri hiyo Mama Laith angekuja kumtazama Suhad, binti wa Nuzha, amposee mwanawe. Vijana wenyewe walikwisha kupendana, ila neno la mwisho lilikuwa la mama huyo, aliyewahi kuvunja posa kwa sababu ya vumbi nyuma ya mlango.

"Tumwage maji ngazini," alisema Hajati Fawziya, mama mkwe wa Nuzha. "Mgeni hakanyagi ngazi iliyopanguswa kwa tambara kama meza ya mkahawa."

"Tukimwaga leo, Hajati, kesho tutanawia mate."

"Bora mate kuliko aibu."

Nuzha alifanya kazi kwenye karakana ya achari. Huko matango yaliogeshwa katika mabeseni matatu, na maji ya beseni la mwisho yalirudishwa kuanza kuoshea matango mapya, kisha yakaosha sakafu. Desturi hiyo aliileta nyumbani: maji ya kusuuzia mboga yalipangusa sakafu au yalinywesha mzabibu uani. Hajati aliyaita maji ya mitumba.

Nuzha alishuka kwa jirani kuazima vikombe. Aliporudi, maji yalikuwa yakiteremka ngazini na kumlowesha viatu. Akapanda mbio. Hajati alikuwa amepandisha gauni, mpira wa maji mkononi.

"Funga, Hajati. Nakuomba."

"Nimebakiza ngazi mbili tu."

Nuzha alimpokonya mpira, akakimbilia paani. Aligonga tangi juu, katikati, chini. Mlio ulikuwa mmoja, mtupu.

Kahawa ilipikwa kwa maji ya kunywa ya dumu, na mgeni aliisifu. Lakini alipomaliza kipande chake cha kunafa, kitamu cha jibini na shira, vidole vilimnata.

"Nionyesheni pa kunawia."

Suhad alimtazama mama yake. Bafuni bomba lilikohoa upepo, likanyamaza. Nuzha akaja na jagi lenye masalio ya dumu, akakinga beseni na kummiminia kidogo kidogo.

Mama Laith akalitazama beseni. "Haya mnayapeleka wapi?"

Suhad akajibu kabla ya mama yake. "Mzabibuni, mama. Yakiwa na sabuni nyingi, chooni."

"Suhad," Hajati alimnong'oneza kwa ukali.

Mama Laith alijifuta kidole kimoja kimoja. "Jumatano hata sisi hatukupata maji. Nilipokuja nimekuta ngazi zenu chapachapa. Nikajiambia, binti wa nyumba hii atanimalizia tangi kabla fungate haijaisha. Sasa namwona na beseni. Nimwamini yupi? Nani aliyemwaga?"

Upindo wa gauni la Hajati bado ulikuwa umelowa, na Nuzha aliuona. Akasimama mbele ya Hajati.

"Ni mimi."

"Msimsikilize," Hajati akasema. Alizungumza akitazama zulia. "Nilimwaga mimi. Huyu alininyang'anya mpira, karibu aniangushe. Binti hakuwepo, alikuwa jikoni anapangusa sakafu kwa maji yaliyooshea nyanya."

Mama Laith alimkazia macho bibi huyo, kisha akauangalia ule upindo.

"Basi, Hajati," alisema, "siku mkija kwetu, mpira tutauficha."

Hajati alitaka kununa. Midomo ikamsaliti, akacheka. Suhad akalichukua beseni kwa mikono miwili, akateremka nalo hadi uani polepole, asimwage hata tone.