Mbio Mbili, Jumapili Moja

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Dada Pasi, na jina likamganda hata watu wa ofisini wakasahau lile la kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kwenye roli kubwa la mvuke, mtambo wa kupigia pasi mashuka. Mashuka yalitoka kwenye mashine ya kukamua yakiwa mazito kama watoto waliolala. Yeye aliyakung'uta, akashika ncha mbili, akayalisha kwenye roli, yakatokea upande wa pili makavu, ya moto, bila mkunjo. Miaka nenda miaka rudi. Mlango wa pili alikaa mzee wa boila, mtu wa kununa, aliyeamini kwamba binadamu asiyefukuzwa hana sababu ya kukimbia.

"Jana pia ulikimbia?" alimuuliza kila Jumatatu.

"Nilikimbia."

"Mbwa alikuwa wa rangi gani?"

Aliyemwingiza kwenye mbio ni wifi yake, dada wa mumewe, msusi mwenye saluni ndogo nyuma ya kituo cha mafuta. Daktari alimwambia wifi kwamba sukari inapanda, atembee. Wifi hakuweza kutembea peke yake kwa sababu hakuweza kunyamaza, kwa hiyo akaja kumgongea Dada Pasi. Kutembea kukageuka kukimbia kidogo, kukimbia kidogo kukageuka desturi ya kila Jumatano jioni na kila Jumapili asubuhi.

Mdomo wa wifi haukujua likizo. Alianza kuongea wakifunga kamba za viatu, na wakipanda kilima cha tangi la maji bado anaongea, pumzi zikimkatikia katikati ya majina ya watu: mteja aliyetaka nywele za harusi na mchumba mwenyewe hana habari, mwingine aliyesukwa kwa mikopo akabadilisha saluni, jirani anayeazima kikaushio cha nywele kana kwamba ni chumvi. Dada Pasi aliitikia tu. "Ehe." "Wee!" "Acha bwana." Hakuwa na zaidi ya hayo, na hakuona kwamba anapungukiwa na kitu.

Kisha ndoa ikaisha. Mumewe, karani wa ghala la saruji, aliondoka bila ugomvi, kama mtu aliyehamishwa ofisi. Alipanga mashati yake, akaacha funguo mezani, akasema, "Basi, tuombeane heri." Hawakujaliwa watoto, na jambo hilo halikutajwa hata siku ile ya mwisho. Lilikaa nao chumbani kama mgeni ambaye hakuna anayemkaribisha wala anayemfukuza.

Jumapili iliyofuata Dada Pasi hakuvaa viatu. Alikaa kitandani akijua kwamba wifi naye ameondoka pamoja na kaka yake. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda. Mara akasikia geti linagongwa kwa fujo.

"Wewe! Umefia humo ndani?"

"Nilidhani hutakuja," alisema kupitia dirishani.

"Aliyekuacha ni kaka yangu. Mimi nilikuaga lini? Hebu toka, jua linapanda."

Akatoka. Siku ile alilia kilomita nzima, na wifi, kwa mara ya kwanza, akakimbia kimya. Halafu akaendelea na habari za saluni pale alipoziachia.

Mwaka ule waliamua kukimbia marathoni kamili, ile ya mjini, barabara zote kubwa zikifungwa na watu wakijipanga pembeni na ngoma. Nusu marathoni walishaimaliza mara mbili. Wifi aliwatangazia wateja wote kabla hata ya kujiandikisha, ili asipate njia ya kurudi nyuma.

Siku Dada Pasi alipokwenda kutafuta viatu vipya, aliona ukutani mwa duka bango la mbio nyingine, siku ileile. Ultra, ndivyo walivyoiita: kilomita sitini za msituni na milimani, bila hata kipande cha lami.

"Hizo ni za wendawazimu," muuza viatu alimwambia. "Unapanda mlima, unashuka, unapanda mwingine. Kutwa nzima. Kuna mahali unaweza kwenda muda mrefu usimwone mtu."

Dada Pasi alicheka. "Niende mpaka huko kuwa peke yangu? Hiyo naipata nyumbani bure."

Akanunua viatu vya barabarani.

Wiki chache baadaye, Jumapili, wifi alifika getini akiwa na mtu. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, viatu vyake bado vyeupe, mikono kaificha nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Wifi, ambaye hajawahi kukosa maneno, alikohoa.

"Huyu... ni mke wa kaka. Na yeye anataka kujaribu mbio. Nikaona... maana barabara ni ya wote."

"Shikamoo dada," alisema yule kijana.

"Marahaba," alijibu Dada Pasi. Angesema nini kingine?

Walianza. Kilichomuumiza ni kwamba hakupata sababu ya kumchukia. Yule binti alikuwa na adabu, alikimbia vizuri, na alicheka mahali palipostahili kuchekwa. Zaidi ya hayo aliuliza maswali. "Ehe, halafu yule mteja akasema nini?" Wifi alinogewa, akaongeza chumvi, akaigiza sauti. Dada Pasi alijikuta nyuma kidogo, kwa sababu njia ya pembeni ilitosha watu wawili.

Walipofika mteremko wa shule, wifi akaachwa. Akapaza sauti kutoka nyuma:

"Wifi, punguza mwendo!"

Wote wawili wakapunguza. Wote wawili wakageuka.

Yule binti ndiye aliyeona aibu kwanza; akainama kufunga kamba ambayo haikufunguka. Wifi aliwafikia, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Jamani, jua kali leo," na hata saa moja ilikuwa haijafika.

Bado angeweza kuvumilia. Alijiambia kwamba mtu mzima hagombei neno. Lakini Jumapili ya mazoezi marefu, yule binti alipanga kwamba mumewe awafuate na gari, awape maji njiani. Ndipo Dada Pasi alipomwona, baada ya muda mrefu, akiwa amesimama kando ya gari na ndoo ya barafu miguuni. Alinenepa kidogo. Unene ulimfaa.

"Habari za siku?" alisema.

"Nzuri. Za kwako?"

"Salama."

Akatoa chupa kwenye barafu, akampa mkewe. Akatoa nyingine, akampa dada yake. Kisha akafungua mlango wa gari, akachukua chupa iliyokuwa peke yake juu ya kiti, akamnyooshea.

"Hii yako. Haina ubaridi."

Dada Pasi hapendi maji baridi, meno humuuma. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua hilo. Alishukuru, akanywa, akarudisha chupa, na kilomita zote zilizobaki akakimbia mbele yao, haraka kuliko mpango, bila kugeuka. Angemtukana, angemnyima maji, angejifanya hamjui, yote hayo angeyabeba. Ile chupa ya kwenye kiti ndiyo iliyomshinda.

Kesho yake, akilisha mashuka kwenye roli, aliona jinsi siku ya marathoni itakavyokuwa. Watamaliza. Watu watapiga makofi. Yule bwana atakuwa amesimama kwenye kamba na chupa zake, na yeye atapokea ya kwake kwa adabu, halafu watapiga picha, na mtu atamwambia asogee kidogo ili kaka na mkewe waonekane. Shuka likapita kombo, likajikunja ndani ya roli, ikabidi azime mashine. Mzee wa boila alichungulia.

"Leo nani kafa?"

"Hakuna."

Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kujiandikisha ultra, kisha akapitia saluni. Wifi alikuwa anachana nywele za mteja.

"Wifi, marathoni sitakimbia. Nimejiandikisha zile za msituni."

Kitana kikasimama. "Za siku ileile?"

"Ileile."

"Unakwenda msituni kutafuta nini? Hata nyani huko wana ukoo."

Mteja alicheka. Wifi hakucheka. Alirudia kuchana, polepole, halafu akauliza kwa sauti ambayo Dada Pasi hakuizoea, "Ni kwa sababu yake?"

"Hapana. Ni binti mzuri."

"Basi ni kwa sababu yangu."

Dada Pasi alitaka kusema ndiyo, na alitaka kusema hapana, na vyote viwili vilikuwa kweli. "Nataka kukimbia tu," alisema.

Tangu hapo alifanya mazoezi peke yake. Alipanda kilima cha tangi la maji na kushuka, akapanda tena, mpaka mlinzi wa tangi akawa anamsalimia kama mfanyakazi mwenzake. Alijifunza kula huku anakwenda, viazi vya kuchemsha na chumvi ndani ya mfuko. Jumapili moja aliwaona kwa mbali, wale wawili, wakivuka barabara kubwa, na mkono wa wifi ukichora kitu hewani. Alikata kona ya kushoto.

Siku yenyewe walianza alfajiri, taa zikiwa kichwani, baridi ikiuma masikio. Watu walikumbatiana, wakatakiana heri. Yeye alijikumbatia mwenyewe kwa sababu ya baridi. Mwanzoni njia ilijaa. Walipoingia kwenye miti, mstari ukanyooka, ukakatika, na jua lilipotoka vizuri alikuwa peke yake. Kulikuwa na tepe nyekundu zilizofungwa kwenye matawi kuonyesha njia, udongo laini, na sauti ya pumzi zake.

Muuza viatu hakumdanganya. Upweke wa kule haukuwa kama wa nyumbani, ambako angalau kuna redio ya jirani. Kwenye mlima wa pili alijikuta anaongea kwa sauti. Na alipojisikiliza, aliyekuwa anaongea hakuwa yeye. Ilikuwa sauti ya wifi: mteja wa nywele za harusi, yule wa mikopo, jirani wa kikaushio. Alizijua habari zote, neno kwa neno, hata mahali pa kuvuta pumzi. Akazisimulia mpaka zikaisha. Kisha akatafuta yake ya kusimulia, akakosa pa kuanzia.

"Mimi nilitaka mtoto," alisema hatimaye, kwa mti.

Alishtuka. Hakuwahi kulitamka, si kwa mume, si kwa wifi. Akalisema tena, kisha akasema mengine, yaliyofuatana nalo, akipanda huku analia na kula kiazi, kwa sababu mlima haukuwa na nafasi ya kufanya kimojakimoja.

Kwenye mteremko alikanyaga jiwe lililolegea, akaanguka, goti likachanika. Alichechemea hadi kituo cha maji, ambako mhudumu wa afya alimkalisha kwenye kiti cha plastiki na kumsafisha jeraha.

"Tumpigie mtu wako?" aliuliza mhudumu. "Namba uliyotuandikia ni ya nani?"

"Ya wifi yangu. Hatapokea. Yuko kwenye mbio."

"Hizi hizi?"

"Nyingine."

Mhudumu alimtazama, akaona ni bora afunge bendeji. "Hakuna mwingine?"

Dada Pasi alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayepekua mifuko. "Hakuna," alisema. "Lakini naweza kwenda."

Akaenda. Sehemu kubwa alitembea. Alifika mwisho jua likiwa limeshalala kwenye vilele, turubai zikikunjwa. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama kwenye mstari akipiga makofi kwa nguvu zote, na Dada Pasi, kwa uchovu, alifikiri kwa dakika nzuri sana kwamba anapigiwa yeye. Kumbe macho ya yule mtu yalimpita begani.

"Samahani dada, umemwona mwanamke mwenye kofia ya kijani?"

"Nilimpita kwenye mto. Anakuja, anatembea vizuri."

"Mungu akubariki," alisema yule mtu, akarudi kutazama njia.

Alivikwa medali na msichana mwenye usingizi. Alikaa kwenye nyasi, akanywa chai. Alikuwa mpweke, hilo hakulikana. Lakini miguu ilikuwa ya kwake, na umbali ule ulikuwa wa kwake, na hakukuwa na mtu wa kumwambia asogee kidogo.

Nyumbani, simu ilikuwa na picha: wifi katikati, mke wa kaka kulia, kaka kushoto, medali mbili, vicheko vitatu. Chini yake wifi alikuwa ameandika, "Uko hai?"

"Niko hai. Nimemaliza. Hongereni."

"Hongera sana wifi."

Jumatano wifi alikuja kumsuka, kwa kuwa Dada Pasi hakuweza kutembea hadi saluni. Alikaa kitandani, Dada Pasi chini kwenye mkeka, goti limenyooshwa. Wifi alianza kugawa nywele kwa kitana. Kisha wifi akasema, "Haya, niambie. Huko msituni kulikuwaje?"

Hakuwahi kuulizwa hivyo. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaanza tena. Alieleza baridi, zile tepe, jinsi watu walivyopungua. Wifi aliitikia. "Ehe." "Wee!" Alikuwa amefika mlima wa pili, na moyo ulikuwa unamdunda kwa sababu ya yale yaliyokuwa yanafuata, simu ya wifi ilipolia.

"Ndiyo, wifi," alisema wifi kwenye simu. "Niko karibu. Nakuja, nisubiri hapo hapo."

Alimaliza msuko wa mwisho kwa haraka, akambusu utosini. "Utanimalizia. Usisahau ulipofikia."

Lakini alipokuja tena alikuwa na habari mpya za saluni, ndefu na tamu, na Dada Pasi akamwitikia kama zamani. Hawakugombana, hata mara moja. Wifi bado anamsuka, bado anamwita wifi, na mbio za Jumatano hukimbia pamoja wote watatu.

Jumapili ni zake. Hutoka mapema, huchukua basi mpaka mwisho wa njia, mahali lami inapokatika, na kutoka hapo hupanda. Akishaingia kwenye miti na kuhakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma, huanza kuongea.