Marehemu Hashiki Taa

Pale Bunju, ukiuliza nyumba ya msanii Anselmo, watu watakukodolea macho. Uliza kwa Anselmo wa video, hata watoto watakufikisha mlangoni. Hilo ndilo lililokuwa likimkera. Miaka kumi na mbili amepiga video za harusi, sendofu, kipaimara na misiba, kutoka Bunju hadi Kibamba, ameunganisha picha kwenye kompyuta mpaka macho yakawa mekundu, na bado ukumbini aliitwa "we kamera", tena kwa kuambiwa asogee kwa sababu anamkinga mama mkwe.

Kwa hiyo kituo kimoja cha sanaa kilipotangaza mafunzo ya miezi mitatu kwa wasanii wanaotumia kamera na kompyuta, na mwishoni maonyesho yenye jina la kila mmoja ukutani, Anselmo alijiona ameshafika. Jina lake ukutani! Sharti lilikuwa moja tu: andika kurasa mbili, ueleze safari yako ya kuwa msanii.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mtu anayeweza kuifanya harusi iliyonyeshewa mvua ionekane ya kifalme hakuweza kuandika sentensi tano kuhusu nafsi yake. Aliandika: "Nilizaliwa Newala. Baba yangu, mzee Albano, ni mchongaji wa mpingo. Ninaishi naye." Akakwama. Akaenda kwa Brightson.

Brightson ana steshenari karibu na kituo cha mabasi. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na anawaandikia watu maombi ya kazi, ya vyuo na, akibembelezwa, hata ya msamaha kwa wake zao. Yeye mwenyewe hajawahi kupata kazi yoyote kwa maombi yake, lakini hilo halijampunguzia heshima hata chembe.

"Braza, hiki ulichoandika ni kitambulisho," alisema alipoisoma ile karatasi. "Majaji wanataka mateso. Ulishawahi kulala njaa?"

"Hapana. Baba alikuwa akiuza vinyago."

"Ulishapigwa?"

"Sana."

"Safi! Kwa sababu ya sanaa?"

"Kwa sababu ya machungwa ya parokia."

Brightson akashusha pumzi kama daktari aliyeletewa mgonjwa asiyeumwa. "Na mzee wako anaendeleaje?"

"Mzima kabisa. Kesho tuna harusi, atanishikia taa."

"Basi huyo ndiye anayekuharibia," akasema Brightson, na kuanza kuchapa.

Kurasa mbili zilipotoka kwenye mashine, mzee Albano alikuwa amekufa. Alikuwa amefia mikononi mwa mwanawe, mvua ikinyesha, baada ya kuivunja kamera yake ya kwanza kwa shoka, kisha akajuta, kisha akamwachia patasi moja na maneno ya mwisho. Anselmo alisoma, machozi yakamtoka. Alipofika nyumbani alimkuta marehemu anakula mihogo, akamwamkia kwa adabu kuliko siku zote. Alijua amekosa. Lakini alijiambia yale tunayojiambia sote: ni maandishi tu, nani atayasoma?

Wiki tatu baadaye akachaguliwa. Kituo kikabandika mtandaoni picha yake, na chini yake sentensi iliyowagusa majaji: "Baba aliponifia mikononi, aliniachia patasi." Mtu mmoja wa Kurasini akaitupia kwenye kundi la wasapu la wana Newala waishio Dar. Ungedhani angalau mmoja wao angempigia Anselmo kuuliza. Lakini kwetu msiba hauulizwi. Ukiuliza sana utaonekana unatafuta sababu ya kutokwenda. Unakwenda, na mchele mkononi.

Jumapili mchana, Anselmo akiwa chumbani na hedifoni masikioni, akirembesha harusi ya watu, turubai liliwasili. Yakafuata viti, masufuria, na wanawake waliojifunga kanga viunoni. Mbele yao alikuwa shangazi Sesilia, mdogo wake Albano, ambaye alikianzisha kilio tangu kona ya bucha ili mtaa mzima upate taarifa.

Mzee Albano alikuwa uani akichonga. Aliposikia kilio, kwa kuwa ni mtu wa watu, alijikung'uta vumbi la mpingo, akavaa koti, akatoka nje kuungana na waombolezaji.

"Poleni sana," alimwambia dada yake. "Nani ametutoka?"

Shangazi Sesilia alimtazama yeye, akalitazama koti, akaketi mchangani. Waombolezaji wawili walitimua mbio, na mmoja wao alikuwa katekista.

Vaileth, mke wa Anselmo, ndiye aliyekwenda kumvua mumewe hedifoni. "Baba Jonas, toka nje," alimwambia. "Watu wamekuja kumzika baba, na baba anawapangia viti."

Anselmo akatoka. Akaonyeshwa simu, akaiona picha yake na sentensi yake. "Shangazi, shikamoo," alisema. "Ile ni sanaa tu." Shangazi Sesilia hakuiitikia shikamoo yake, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata mgambo.

Wali ulikuwa umeshaiva, ukaliwa. Watu walipoondoka, mzee Albano alimwita mwanawe uani na kumwambia amsomee yote. Akasikiliza bila kumkatiza.

"Niliivunja kwa shoka?"

"Kwa shoka, baba."

"Na taa? Sijaisikia taa."

"Taa haimo, baba."

Mzee akarudi kwenye kinyago chake.

Tuseme ukweli ambao Brightson hakuuandika. Anselmo alipoanza kazi hakuwa na mtu wa kumsaidia, na mzee ndiye aliyesema, "Nipe nishike." Tangu siku hiyo amesimama juu ya viti vya kumbi zote za huku, kwenye suti yake ya kijivu, taa juu. Harusi ya kwanza kabisa, Anselmo alitaka taa immulike bibi harusi usoni. Mzee akahamia pembeni. "Uso una mlima na bonde," alimwambia. "Ukimulika mbele, unafukia mabonde." Kila anachokijua Anselmo kuhusu picha kilianzia hapo. Na ndicho alichokiacha, kwa sababu hakikumuuma.

Jumamosi kulikuwa na harusi Kibamba. Anselmo alimpelekea mzee taa kama kawaida.

"Marehemu hashiki taa," alisema mzee, macho kwenye patasi.

Akaenda peke yake, akaifunga taa kwa kamba kwenye mgongo wa kiti. Katikati ya shughuli MC akauliza kwenye kipaza sauti, "Jamani, mzee wetu wa taa yuko wapi leo?" Ukumbi mzima ukageuka. Anselmo akajifanya anabadilisha betri. Kesho yake, kwenye kompyuta, nyuso zote zilikuwa bapa kama sahani. Bibi harusi na mama mkwe ungewatenganisha kwa nguo tu. Anselmo aliumia, na safari hii hakuhitaji mtu wa kumtungia maumivu.

Akaandika upya kwa mkono wake, siku mbili nzima: taa, kiti, suti ya kijivu, mlima na bonde. Akaituma kituoni pamoja na kuomba radhi. Jibu lilikuja la upole. Waliuthamini ukweli wake, ila simulizi hii mpya haikuwa na safari ya maumivu, hivyo nafasi amepewa mwingine. Baadaye ikajulikana kuwa huyo mwingine naye ni mteja wa Brightson, na alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili.

Jina ukutani likawa limekwenda. Anselmo alizichukua kurasa zake na ile taa, akaketi juu ya gogo uani, akamsomea baba yake mpaka mwisho.

"Hapo pa mlima na bonde umekosea," alisema mzee. "Si maneno yangu. Ni ya babu yako Jonas, huyo uliyempa mwanao jina lake. Alinifundisha kuchonga, akafa kabla sijamaliza kinyago cha kwanza." Akaweka patasi chini, akaivuta taa, akaanza kuukunjua waya wake taratibu. "Kama ulitaka marehemu, mwanangu, ungeniomba tu. Ninaye wa kweli."